Baridi ya Makete Ndani ya Friji la Kiwalani

Rehema aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake ametutoka, nilikuwa nachambua mchele. Sikulia palepale. Nilimaliza kuchambua, nikauosha, nikaubandika, ndipo nikakaa kwenye kigoda nikalia hasa. Kesho yake nilikwenda Kiwalani msibani. Nilipoketi mkekani kati ya kina mama, mmoja aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza kwa upole, "Wewe ni nani wa marehemu?" Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake, mwaka mmoja tu, zamani, nilipokuwa mwalimu mpya. Akayatazama macho yangu yaliyovimba, akanyamaza kwa adabu, lakini nilimwona anajiuliza ni upangaji gani huo unaomliza mtu baada ya miaka yote hiyo. Pale msibani sikuwa na namna ya kumweleza. Ningeanzaje kusema kwamba marehemu aliniomba baridi ya kwetu, nami nikampa, naye akaitia kwenye friji? Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na nimewaeleza mambo mengi ambayo mwenyewe sikuyaamini sana, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Nilihamia kwa Fundi Selemani mwezi wa kwanza, nikiwa na begi moja na godoro la kukunja. Nilitoka Makete, kule juu, ambako mtoto hufungwa blanketi siku ya kuzaliwa na hulivua akishapata akili. Chumba changu kilikuwa cha pili kulia ukiingia. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa na hewa moja na maneno mamoja. Chumba cha kwanza akipiga chafya mtu, cha nne wanamwombea heri. Ndege zilizotoka uwanjani zilipita juu yetu, chini kabisa, vikombe vikatetemeka kabatini, na watu wakanyamaza katikati ya sentensi, wakasubiri, kisha wakaendelea palepale walipoishia bila kujua kwamba walikuwa wamenyamaza. Hayo yote niliyazoea. Joto ndilo lililonishinda. Nilioga mara tatu kwa siku kwa maji ya kisima, nayo yalikuwa ya chumvi, ngozi ikabaki inanata. Niliapa kwamba mwaka ukiisha naomba uhamisho, wanipeleke hata shule isiyo na paa, mradi kuna baridi. Mama Rehema, mke wa Fundi, alinionea huruma kwa namna yake, yaani kwa kunicheka. Kila nilipomwamkia asubuhi alinipepea na upande wa kanga.

"Marahaba, Mwalimu. Umeshaiva, au tukuongezee moto?"

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenyeji wa Lindi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji. Barazani kwake kulijaa mafriji yaliyokufa, mengine yamefunguliwa migongo, kompresa zimepangwa chini ukutani. Lakini ndani, kwenye korido, kulikuwa na friji moja zima, lile refu la soda lenye mlango wa kioo na taa. Siku ya kwanza nilidhani nimepata nyumba yenye soda. Nikasogea. Ndani hamkuwa na soda hata moja. Kulikuwa na vyungu vitano vidogo, kila kimoja kimejaa nyuzi za makumbi ya nazi zilizofinyangwa kama kichuguu, na juu ya kila kichuguu kumekaa mmea mfupi wenye majani magumu yaliyopandana pande mbili kama ukili ulioanza kusukwa. Mizizi ilikuwa minene na myeupe, nayo haikuwa na haja na udongo. Mingine ilining'inia hewani tu. Nilimuuliza Mama Rehema ni nini. Akasema, "Vitunguu vya mume wangu." Nikaamini kwa muda wa wiki nzima.

Aliyenieleza ukweli ni Fundi, siku aliyonikuta nimeinama pale kiooni. Alisema ni okidi, aina ndogo ya Japani, na kwamba kule kwao watu huzitunza majumbani miaka na miaka kwa ajili ya harufu ya maua yake. "Kulikuwa na bwana mmoja, mhandisi wa barabara," aliniambia. "Nilimtengenezea friji lake mara mbili tatu, tukazoeana. Siku anarudi kwao akaniita, akanipa chungu kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu. Nikamuuliza, hili linatoa nini? Akafumba macho, akavuta pumzi, akakaa kimya. Mie nikasubiri. Alipofumbua, Mwalimu, macho yalikuwa na machozi. Basi nataka kujua yule bwana alikuwa ananusa nini." Chungu kile kimoja alikigawa, vikawa vitano. Ilikuwa miaka saba. Majani yalikuja, mizizi ilikuja, ua halikuja hata moja.

Na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho cha nyumba ile, kama kweli ni kichekesho: Fundi hakuwa anasikia harufu. Gesi za mafriji na moshi wa kulehemu vilikuwa vimeiua pua yake zamani. Ungeweza kumwekea mafuta ya taa na mafuta ya nazi asijue lipi ni lipi. Maziwa yakikaa, Mama Rehema ndiye aliyemnusia kabla hajayanywa. Jirani zake wote walijua, na walimtania wazi: mtu asiye na pua anafuga ua la kunusa. Yeye alijibu neno moja tu kila mara, bila hasira. "Kitu kilichomliza mtu mzima hakiwezi kushindwa na pua yangu." Alikuwa na hakika kwamba harufu nyingine ni ndogo, zinaishia njiani, na hii itafika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mjuaji wa kila kitu, na nilimhesabu kwenye kundi la watu wazuri waliorukwa na akili kidogo.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zinamalizikia, niliwasikia kupitia juu ya ukuta. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Mama Rehema alikuwa anachambua mchicha, nilisikia vijiti vikivunjika.

"Baba Rehema, watu siku hizi hawatengenezi friji. Likiharibika wananunua jingine la mtumba. Unaona mwenyewe baraza lilivyo kimya."

"Naona."

"Lile la korido ningeliweka nje, nikauza juisi na barafu, tungekula bila kumsumbua Rehema na mumewe. Wewe umelifungia majani."

 Ndege ikapita, ikaisha.

"Nipe mwaka huu."

"Mwaka huu mpaka lini?"

"Vuli ikiisha bila ua, friji lako. Na vyungu nitavitoa mwenyewe, sitakusumbua."

"Haya. Na likichanua utalinusaje? Pua yenyewe huna."

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua," alisema Fundi, na vijiti vya mchicha vikaacha kuvunjika kwa muda mrefu.

Nilikuwa nakula kwao kila jioni kufikia wakati huo. Nilianza kwa kualikwa, nikaendelea bila kualikwa. Mama Rehema alipika kisamvu cha nazi ambacho sijakipata tena popote, na ndugu zao walipotoka kusini walileta ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaimenya kwa vidole na kuila na chai. Jioni moja ya mwezi wa sita tulikuwa kwenye ming'oko, watu wa Dar wamejifunika mashuka eti kipupwe, mimi kwa mara ya kwanza napumua vizuri. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, huko kwenu baridi inakuwaje?"

"Kali sana."

"Kali nimeshajua. Nauliza inavyokuja."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza. Nilimwambia kwamba alfajiri ya mwezi huu kule kwetu nyasi ni nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, ukikanyaga inavunjika chini ya mguu. Ukungu unakaa mpaka saa tatu. Kisha jua linatoka, na hilo jua linaunguza. Saa saba umeshavua sweta, watoto wamejipanga kwenye ukuta wa shule wakiota jua. Saa kumi kivuli kinaanza kuuma, na jua likizama baridi inarudi yote. Nilikuwa nasema huku nikimenya, na nilipoinua kichwa nikakuta Fundi ameweka ming'oko yake chini.

"Mchana kunakuwa na joto?"

"Jua kali, Fundi. Midomo inapasuka."

"Yaani baridi inaondoka?"

"Kila siku inaondoka, kila siku inarudi."

Alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja. Ndipo alipotueleza. Miaka mitano ya kwanza aliweka okidi zile nje, kwenye joto la Dar, zikaota majani tu. Baadaye alipata picha kwenye jarida la kizungu, okidi kama hizo juu ya mti na theluji chini, akaelewa kwamba zinataka baridi. Akatengeneza lile friji la korido kwa ustadi wake wote, likatoa baridi ileile, mchana na usiku, mwaka mzima, haipandi wala haishuki. Sifa ya friji zuri ni kutobadilika, na hilo halikuwa linabadilika hata umeme ukiyumba. Alilionea fahari. Mtu mwingine yeyote, mkulima au mvuvi, angejua kwamba baridi ya Mungu ina kuja na kwenda. Fundi wa mafriji peke yake ndiye angeweza kukosea vile, tena kwa kuwa fundi mzuri.

"Nimezitesa," alisema. Mama Rehema alifungua mdomo kumtania, akamtazama usoni, akaufunga.

Kuanzia kesho yake nikawa mwalimu wa baridi. Fundi alifungua mgongo wa friji, akaunganisha swichi yenye saa aliyoitoa kwenye mashine ya kufulia, akaanza kulifundisha kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba mimi sikujua nyuzi za joto za Makete. Nilijua mwili wangu. Basi aliniita, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikafumba macho na kusema, "Hapana, hii ni ya saa kumi jioni." Akakaza. "Hii ni ya ukungu, lakini ukungu umeanza kuondoka." Akakaza tena. Saa nne asubuhi Mama Rehema, kwa kuwa mimi nilikuwa shuleni na Fundi kwa wateja, ndiye aliyetoa vyungu na kuviweka barazani penye jua la kuchujwa na chandarua. Jioni Fundi alivirudisha. Mama Rehema alifanya kazi hiyo akilalamika kwa sauti ili majirani wajue hakubaliani nayo. Alilalamikia na maji pia, maana okidi zile zilikunywa maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye madumu wakati wa masika, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. "Sie tunaoga chumvi," alisema, "vitunguu vinakunywa mvua."

Asubuhi moja, nimeshavaa, nina chaki mkononi, Fundi akaniita kwenye korido. Niliingiza mkono. Nikabaki nimesimama. Haikuwa baridi ya friji, ile kavu inayonuka chuma. Alikuwa ameweka chini sinia lenye mchanga uliolowa, na hewa ya mle ndani ilikuwa na unyevu mzito, tulivu, ikanipanda mkononi hadi begani, na mimi nikawa nyuma ya jiko la mama yangu, saa kumi na mbili asubuhi, nasubiri moto uwake. Kilikuwa kitu chenyewe. Nilikuwa nimekiacha mamia ya kilometa huko juu, nikadhani kinapatikana kule tu, na mtu ambaye hakuwahi kupanda kilima kirefu kuliko vya Pugu alikuwa amekisikiliza kinywani mwangu, akakijenga, na sasa ananitazama kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Imefika?"

"Imefika, Fundi," nikasema, na machozi yakanitoka mbele yake bila haya.

Nimekaa nikafikiri sana tangu siku ile. Vyuoni walitufundisha kwamba mwalimu anatoa na mwanafunzi anapokea. Hawakutuambia kwamba kuna mtu anaweza kukusikiliza mpaka unachokisema kikawa kitu cha kushika. Kila nilipopata mtoto darasani aliyeuliza swali la namna ile, si "ni nini" bali "inakujaje", nimeacha kitabu mezani na kumjibu mpaka kengele, na wakaguzi wamenilaumu kwa hilo, nami sijajuta.

Mwezi wa tisa vyungu vilitoka kwenye friji, vikakaa uani kivulini. Mwezi wa kumi, chini ya jani moja la chungu cha katikati, kikatokea kijipu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama. Wiki tatu tulibishana ni mzizi au ni ua, kwa sababu vyote viwili huanza hivyohivyo. Fundi hakubishana, alivileta viti vyetu karibu na kile chungu tu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kila iliponyesha nilihesabu moyoni kwamba siku alizoomba Fundi zinapungua. Niliomba. Nasema kweli, niliiombea punje ile kanisani, mstari wa tatu, nikaona aibu mbele za Mungu, nikaiombea tena. Mchana mmoja nilirudi mapema nikamkuta Mama Rehema peke yake uani, amepiga magoti na tochi, jua likiwa utosini.

"Natafuta kijiko," alisema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Na usimwambie."

La friji nilimalize hapa, maana kila ninayemsimulia huuliza. Liliwekwa barazani mwezi wa kumi na mbili, likajaa juisi ya ukwaju na barafu, na likarudi kwenye korido kila kipupwe, miaka yote, kwa sababu wakati wa kipupwe hakuna anayetaka barafu. Walikuwa wamegombania kitu ambacho wangeweza kukitumia wote wawili, na hakuna kati yao aliyekuwa amejua. Mimi nami niliandika barua ya kuomba uhamisho. Nikahamishiwa Mbezi Luis, kwenye joto lilelile, na nikakaa.

Ua lilifunguka siku ya mvua ndogo. Niliporudi kutoka shule nikaliona, nikavunjika moyo. Yalikuwa matatu kwenye kijiti kimoja, meupe, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, yana mkia mwembamba uliojikunja nyuma. Nilisogeza pua. Hakuna kitu. Mama Rehema naye alinusa, akanitazama. Fundi alikuwa ametoka kwenda kutazama friji la mteja Mtoni, hakuwa ameona bado. Niliingia chumbani na madaftari yangu nikiwa na hasira na yule mhandisi, na machozi yake, na mimi mwenyewe.

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Mama Rehema alikuwa anakaanga samaki jikoni uani, nasikia mafuta yanavyochemka. Kitu kikaja juu ya ukuta. Sikujua ni harufu mwanzoni. Nilijua tu kwamba nimeacha kuandika. Upande wa pili Mama Rehema akaita, "Nani kajifukiza udi saa hizi?" Kisha akanyamaza, na hakukuwa na ndege yoyote iliyopita. Nilitoka. Vyumba vyote vilikuwa vimetoka, mpangaji wa chumba cha nne na sabuni masikioni. Harufu ile ilikuwa imejaa uani kote, ukuta kwa ukuta, na ilitoka kwenye vijiua vitatu visivyojaa kiganja. Niliogopa. Sijui neno jingine. Niliogopa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Fundi akaingia kutoka msikitini. Alituona tumesimama, akaelewa kabla hajaambiwa. Alivua kofia yake, akapiga magoti, akaweka uso wake karibu kabisa, na akavuta pumzi. Akakaa. Akavuta tena. Mgongo wake ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, na wapangaji mmoja mmoja wakarudi vyumbani kimyakimya, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa pale. Mimi nilibaki.

"Haikufika," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida tu.

Nilimngoja Mama Rehema aseme lake. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akaketi kando ya mumewe, akainama kwenye maua.

"Haya, sikiliza. Mwanzo ni maua ya mlimau. Ule wa nyuma kwa bibi yako, Lindi, asubuhi, jua halijapanda. Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Ndani yake kuna tui. Tui la kwanza, halijaenda motoni." Akainama, akanusa, akatikisa kichwa. "Hapana, nakudanganya, si tui lenyewe. Ni mkono uliotoka kukamua tui, umeshakauka. Ngoja." Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, na alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na kuna Rehema. Siku ile ya kwanza waliponipa, nikakupa wewe umshike. Utosi wake."

 Wakati Rehema anazaliwa Fundi bado alikuwa na pua.

"Utosi wake," alisema Fundi.

"Ndiyo. Huo huo."

Samaki walikuwa wanaungua. Mama Rehema akajiinua nusu aende jikoni, na Fundi, bila kufumbua macho, akamshika pindo la kanga.

"Waache. Anza tena mwanzo, Mama Rehema, taratibu. Usiruke kitu."